Mtu wa Kuarifiwa

Niliingia jeshini nikapewa namba, nikatoka na cheo cha brigedia, na katikati ya vitu hivyo viwili kuna miaka ambayo vijana wa siku hizi hupenda kuniuliza habari zake. Wanataka niwaeleze mtu anapandaje vyeo. Nadhani wanatarajia mizinga na nishani. Mimi nikifumba macho kutafuta jibu, ninachokiona ni fomu. Kila cheo nilichopata kilianza na fomu mezani kwa karani, na kila fomu ilikuwa na mstari uleule karibu na mwisho: mtu wa kuarifiwa endapo askari atapatwa na lolote. Mstari huo niliujaza mara nne bila kuwaza. Nusura uninyang'anye mke.

Fomu ya kwanza niliijaza nikiwa kuruta, miaka michache baada ya Uhuru. Kwetu ni juu ya Mlali, mlimani, ambako ukungu huingia jikoni bila kupiga hodi na kukaa mpaka saa nne asubuhi. Mjomba wangu, kaka yake mama, ndiye aliyenisindikiza mpaka barabarani. Blanketi langu alilibeba mwenyewe njia nzima kwa kuwa hakuniamini nalo. Tulishuka kati ya matuta ya njegere na kabichi, na kila tulipokutana na mtu anayepandisha na tenga tupu kichwani, mjomba alisimama, akaamkiwa, akaitika, kisha akasema, "Huyu naiazima serikali. Wataturudishia."

Hakuwa anatania. Kwetu Waluguru mtu ni wa upande wa mama. Baba anakuzaa, anakulisha, anakupenda kama anajua kupenda, lakini anayesimama na kujibu kwa ajili yako ni mjomba. Huyu wangu alikuwa mkubwa wa ukoo na mwangalizi wa ardhi yake yote, kuanzia kijito cha chini mpaka ukingo wa msitu. Mimi nilikuwa mwihwa wake, yaani mtoto wa dada yake, na jina nililobeba lilikuwa la mtu aliyekalia kigoda cha ukoo kabla yake. Jina la namna hiyo haliachwi kaburini. Mwenye nalo akifa, ukoo humrithisha ndugu mwingine wa damu ya mama, humpaka unga wa mtama kwenye paji la uso, na tangu siku hiyo yeye ndiye huyo aliyekufa. Mlimani kote walijua kwamba mjomba akilala, kigoda ni changu.

Kwa hiyo karani aliponiuliza mtu wa kuarifiwa, nilimtajia mjomba.

"Baba yako alishafariki?" akauliza. Alikuwa mtu wa Ziwa, kwao mambo ni tofauti.

"Yupo, mzima kabisa. Nimemwacha anavuna njegere."

Akaniangalia kama mtu anayepima gunia, akaandika. Baadaye wakanipeleka ng'ambo, kwenye nchi ya theluji, kusomea uofisa. Huko nilikuwa nikiamka, naona nje kumeota weupe, na kwa sekunde chache nilidhani nipo nyumbani na ukungu umeshuka. Niliporudi nikawa luteni usu. Fomu, karani, mjomba. Nikawa luteni. Fomu, karani, mjomba.

Nilipokuwa kapteni nilikuwa nimeshaoa. Mke wangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi pale Morogoro mjini, mtu wa Iringa, mwenye hasira za karibu na kicheko cha karibu zaidi. Alinicheka tangu siku ya kwanza kwa jinsi nilivyokunja leso yangu pembe nne. Kwao Iringa mtoto ni wa baba, kwetu mtoto ni wa mama, kwa hiyo mabinti zetu wawili kila upande ulisema ni wa upande wa pili, na sisi tukacheka tu, tukawalea. Tuliishi kwenye nyumba za kambi nje kidogo ya mji. Dirisha la jikoni lilitazama milima, na asubuhi akikoroga uji alikuwa ananinyooshea mwiko, "Kwenu leo wameamka vibaya," au, "Kwenu leo kumekucha," kutegemea mawingu.

Karani wa safari hiyo alikuwa kijana mchangamfu. Aliniuliza, "Afande, huna mke?"

"Ninaye."

"Mbona hapa umeandika mjomba?"

"Mke ataambiwa," nikasema, nikatia saini.

Naomba nieleweke, maana hapa ndipo wasio wa kwetu hunikunjia uso. Kwetu habari ya msiba haipelekwi kwa mke moja kwa moja. Ni ukatili. Inapelekwa kwa ukoo wa mume, wanakaa nayo, wanailainisha, kisha wanateua wanawake wazima waende kwa mjane wakamwambie taratibu, wakiwa wameshamshika mikono. Kumwandika mke kwenye mstari ule, kwa akili yangu, ilikuwa sawa na kumtuma mgeni mwenye baiskeli akamrushie kifo mlangoni. Nilidhani namlinda. Sikumweleza, kwa sababu sikujua kwamba kuna cha kueleza.

Vita vilipokuja tuliondoka kwa malori, alfajiri, redio zikiimba kila nyumba. Sukari ilikuwa imeadimika, sabuni ndiyo usiseme. Yeye alikata mche wa sabuni kwa uzi, akanipa nusu, akasema, "Rudi nayo hata kipande. Usije ukaniambia umewaogesha jeshi zima." Nilicheka. Nilimpenda sana asubuhi ile, na sikumwambia, kwa kuwa lori lilikuwa limeshawashwa.

Ya vita sitayasimulia. Wapo wanaoyakumbuka vizuri kuliko mimi. Mimi nilijeruhiwa begani mwezi wa tatu wa mapigano, ng'ambo ya mpaka, nikaachana na wenzangu kwenye mvua, na wanakijiji nisiowajua wakanibeba kwenye machela ya matete mpaka hospitali ndogo ya masista. Sare yangu ilikuwa imechanwa, vitambulisho vimepotea na sabuni vilevile. Homa ikanishika. Nadhani ilikuwa wiki nyingi. Nilikuwa nalala kwenye kitanda cha chuma na papo hapo natembea kwenye matuta ya kwetu, nahesabu ngazi za udongo, na kila nikifika ya juu kabisa nakuta mke wangu ameshika mwiko anauliza, "Kwenu ni wapi?" Nilikuwa najua jibu, lakini mdomo haukufunguka.

Wenzangu waliponipata, nilikuwa nimeshaanza kukaa kitandani bila kushikwa. Wakanirudisha kwa vituo, lori baada ya lori, mpaka nikateremka Morogoro mchana mmoja wa Julai, baridi, milima yote imefunikwa. Nilitembea mpaka nyumbani. Alikuwa barazani anasahihisha madaftari. Alininyanyulia macho, kalamu nyekundu mkononi. Kisha akafunga daftari.

"Nilijua uko hai," akasema. "Sasa nenda mlimani kwanza."

"Mke wangu, nimetoka vitani. Niruhusu niingie."

"Nenda kwa walioletewa karatasi. Wao ndio wako." Akaingia ndani. Hakufunga mlango kwa kishindo. Afadhali angefanya hivyo.

Nililala kwa jirani. Asubuhi nikapanda lori la mboga linalorudi tupu, tukapita Mzumbe, tukapita Mlali, nikateremka mwisho wa barabara, nikaanza kupanda kwa miguu na bega langu bovu. Ukungu ulikuwa umekaa. Nilisikia vijito bila kuviona. Nilikuwa mnyonge, na kule kupanda kulifanana mno na ndoto zangu za hospitalini hata nikawa nagusa mawe kuhakikisha.

Aliyeniona kwanza alikuwa bibi mmoja wa ukoo wa watani wetu, wale ambao wana haki ya kututania hata maiti ikiwa ndani. Alikuwa uwanjani kwa mjomba anaanika maharage chini ya paa. Wengine walipiga yowe wakakimbilia nyuma ya nyumba. Yeye alinitazama juu mpaka chini, akapiga makofi.

"Si niliwaambia?" akapaza sauti. "Amefuata buti zake!"

Ndivyo nilivyojua kwamba nilikuwa nimezikwa. Ujumbe wa jeshi ulikuwa umefika kwa mjomba kupitia misheni: kapteni fulani hajulikani alipo. Katekista aliusoma mara tatu. Jeshini maneno hayo ni maneno tu, yanasubiri maneno mengine. Mlimani, mtu ambaye hata serikali iliyomwazima haijui alipo ni mtu aliyekufa. Walisubiri miezi miwili kwa heshima, masika yakakatika, ndipo wakasomesha misa na kuweka msiba. Kwa kuwa maiti haikuwapo, walizika buti zangu za ukuruta nilizokuwa nimeziacha uvunguni kwa mjomba. Bibi mtani alinionyesha hapohapo jinsi alivyonitania siku ya maziko: akajifunga shuka, akatanua miguu, akapiga kwata uwanja mzima huku akipiga saluti kwa mkono wa kushoto. Nilicheka mpaka bega likaniuma.

Mjomba alitoka akiwa na fimbo yake. Alinishika masikio, akanishika kidevu, akalibonyeza bega langu lililofungwa mpaka nikapiga kelele. Ndipo akaamini. Mzee yule sikuwahi kumwona akilia hata siku mama alipokufa, lakini siku hiyo alilia kwa sauti, na mimi nikalia naye, tumesimama tu, bila kuketi.

Nyuma yake alisimama mpwa wangu, mtoto wa kwanza wa dada yangu, kijana mwenye watoto watatu na mikono ya kulima. Alitaka kuniamkia akasita. Nikaelewa kwa nini. Walikuwa wamempaka unga. Alikuwa amerithishwa jina langu, na pamoja na jina, mahali pangu: dada yangu alikuwa anamwita mwanawe "mdogo wangu," na watoto walikuwa wanamwamkia kama wanavyoniamkia mimi. Nilimpa mkono. Tulishikana mikono, watu wawili wenye jina moja, na aliyekuwa amelishikilia kwa haki alikuwa yeye. Baadaye nilikwenda kulitazama kaburi, karibu na shamba la viazi. Sikuogopa. Lilikuwa limefagiliwa vizuri, na nilikaa pale nikiwa na usingizi wa ajabu, kama mtu aliyefika nyumbani akakuta ameshatandikiwa.

Dada ndiye aliyenieleza mambo ya mke wangu. Wanawake wanne walishuka mpaka kambini kumchukua mjane, wawili wamenyoa vichwa, na katekista akawasindikiza. Walimkuta barazani na madaftari. Walipoanza kumshika mikono aliwaambia, "Mwanajeshi akifa, mke huletewa karatasi. Wenzangu watatu humu kambini wameletewa. Mimi sijaletewa. Mume wangu yu hai."

Katekista, mtu mwema, akadhani anasaidia. Akaitoa karatasi kwenye koti. Mke wangu akaisoma. Akasoma tena jina la juu, la aliyeandikiwa. Akaikunja vizuri akamrudishia.

"Kumbe imefika," akasema. "Kwa wenyewe. Basi nendeni mkazike. Kama mimi si mtu wa kuarifiwa, siwezi kuwa mjane."

Akawapa maji ya kunywa, akarudi kwenye madaftari. Mlimani walisema ana moyo wa jiwe. Dada yangu naye alisema hivyo, akiniangalia kama anayengoja nimuunge mkono. Mimi nilikuwa nimeinamisha kichwa. Niliona mstari ule wa fomu, mara nne, na mwandiko wangu mzuri wa misheni.

Niliporudi kambini alinipokea. Yaani alinipokea kama wanavyopokewa wageni. "Karibu chakula, Kapteni." "Maji ya kuoga yako tayari, Kapteni." Nililala sebuleni kwenye kochi fupi. Mabinti walinirukia shingoni, lakini yeye alikuwa anapita pembeni yangu na sinia kama anavyopita mtu pembeni ya dimbwi. Nilijaribu kueleza. Nilimweleza desturi yote, jinsi habari inavyolainishwa, jinsi nilivyotaka asipigwe nayo usoni.

"Hukutaka nipigwe usoni," akasema, "ukanipa mgongo. Unajua sikulia? Sikulia hata siku moja. Nilikasirika mpaka machozi yakakosa njia. Nilikuwa nafundisha watoto hesabu na huku najiuliza, huyu mtu miaka yote hii mimi ni nani wake?"

Akaongeza, bila hasira sasa, na hilo lilinitisha zaidi, kwamba ameomba uhamisho kwenda shule ya Iringa na mabinti. Muhula ungefungwa mwezi wa kumi na moja. Majibu alikuwa ameshayapata.

Siku zilizofuata nilipandishwa cheo kuwa meja. Fomu ikaja. Safari hii niliileta nyumbani, nikaiweka mezani mbele yake, nikamwandika yeye kwenye ule mstari kwa herufi kubwa. Uhusiano: mke. Nikamgeuzia asome. Alisoma, akatikisa kichwa polepole.

"Ahsante. Lakini hii ni ya kifo kijacho, Meja. Mimi nazungumzia kile kilichopita."

Nilikwenda kusimama dirishani. Milima ilikuwa wazi siku hiyo, unaona hata matuta. Nilikuwa nimesomeshwa kuvuka mito, kupanga doria, kutuliza watu mia kwa sauti moja, na sikujua nifanye nini na mwanamke mmoja aliyekuwa na haki. Mpaka usingizini lilinijia: anataka karatasi yake. Ileile. Asubuhi nikaomba ruhusa ya siku mbili.

Mjomba alikuwa ameitunza kwenye kopo la maziwa ya unga, pamoja na vyeti vya ubatizo vya ukoo mzima. Na alikuwa na sababu. Ujumbe wa pili wa jeshi, wa kusema nimepatikana, ulikuwa umemfikia wiki tatu baada ya mimi mwenyewe kufika, na yeye alikuwa ameshapanga. Mavuno yakiisha ataita wazee wa ukoo, ataweka karatasi mbili mbele yao, ya kwanza na ya pili, na kusema kosa ni la karatasi, si la ukoo. Hapo ndipo jina litavuliwa kwa mpwa wangu kwa amani na kurudishwa kwangu, na kigoda kitabaki kunisubiri. Alikuwa amewaza mengi. Alikuwa na furaha alipokuwa akinieleza.

"Mjomba," nikasema, "naomba ile ya kwanza. Nimpelekee mke wangu."

"Ukiitoa hiyo, wazee watauliza tulizika kwa nini. Kosa litakuwa letu. Jina haliwezi kurudi."

"Najua."

"Na kigoda pia."

"Najua, mjomba."

"Hii karatasi ndiyo maiti tuliyoletewa," akasema, na mkono wake ulikuwa juu ya kifuniko cha kopo. "Mimi nilikaa nayo. Mimi nilikulilia. Yeye hakulia."

"Yeye alikataa nisife," nikasema. Sikuwa nimepanga kusema hivyo. "Jina libaki kwa kijana. Analima ardhi ya ukoo, analijua kila tuta. Mimi serikali ilinipa namba, itanitosha."

Mjomba alikuwa ameniazima kwa serikali, na sasa alikuwa anaambiwa aliyerudishwa ni wa mtu mwingine. Niliona nimemuumiza, nikatamani kuyarudisha maneno, na sikuyarudisha. Aliinuka akatoka kwenda kutazama njegere zake, zilizokuwa hazina haja ya kutazamwa. Kopo lilibaki palepale kwenye rafu. Sikuligusa. Nilishuka mikono mitupu, ukungu unanifuata mgongoni mpaka Mlali.

Huko mbele nilikuja kuwa luteni kanali, kanali, na mwisho brigedia, nikakalia ofisi zenye mazulia, lakini mlimani mpaka leo wananiita Meja. Ndicho cheo nilichokuwa nacho siku ile nilipoachia jina, na hakuna aliyeona haja ya kukibadilisha. Mpwa wangu ndiye aliyekuja kukalia kigoda. Amekikalia vizuri kuliko ambavyo mimi ningeweza.

Jumamosi ya mwisho ya muhula masanduku yalikuwa yamepangwa barazani. Matatu, na kikapu cha vyombo. Nilikuwa nimekaa kwenye ngazi nafunga kamba kwenye moja lililovunjika bawaba, kwa kuwa ilikuwa kazi ya mikono na sikuweza kazi nyingine yoyote. Nikainua macho nikamwona mjomba anakuja katikati ya nyumba za kambi, koti la kanisani, fimbo, furushi la njegere begani. Mzee yule hakuwa amewahi kuvuka soko la Mlali kwa miaka niliyomjua. Alikuwa anauliza kila mlango.

Mke wangu alitoka anafuta mikono kwenye khanga. "Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Karibu ukae, baba. Umetembea."

"Sikai kwanza." Akaweka furushi chini, akaingiza mkono ndani ya koti, akatoa kopo. Kifuniko kilimshinda, vidole vilikuwa vimekakamaa kwa safari, nami sikuthubutu kumsaidia. Kikafunguka. Akaitoa karatasi, akaishika kwa mikono miwili, akampa yeye kama inavyotolewa zawadi.

"Mwanangu, nimekuletea barua yako," akasema. "Ilipotea njia, ikafika kwangu. Unisamehe nimechelewa nayo."

Aliipokea. Aliyajua maneno yote yaliyomo, lakini aliisoma kuanzia juu, midomo ikicheza, kama anayeiona kwa mara ya kwanza. Alipofika mwisho alikaa juu ya sanduku, akajifunika khanga usoni. Sauti iliyotoka sikuwahi kuisikia kwake. Alilia kama wanavyolia wanawake wa kwao, kwa kuniita, ananiuliza nimemwacha na nani, watoto atawaambia nini. Mimi nilikuwa hatua mbili kutoka pale, mzima, kamba mkononi, nasikiliza kilio changu.

Niliinuka nimfuate. Mjomba akanishika mkono wa shati.

"Mwache alie," akasema. "Sisi tulishamaliza."